Moto wa kukodi: Lubutu na hesabu ya betri za kuchaji

Na Mwandishi Wetu, Lubutu

Kamera ilizima kwa mtoto wa kumi na tisa. Walikuwa wamepanga mstari kando ya ukuta wa darasa, shuka ya bluu imetundikwa kwa misumari miwili, kila mmoja akingoja zamu yake ya foto ya kadi ya shule. Mpiga picha akabonyeza. Lenzi ikachomoza nusu, ikarudi ndani, alama nyekundu ya betri ikapepesa kwenye kioo, kisha kioo kikawa cheusi.

Akapekua mfuko wa kiunoni, akatoa betri ya akiba. Nayo tupu. Ilikuwa imelala kwenye kibanda cha chaji karibu na soko, na alikuwa ameilipia, ila jenereta ya mwenye kibanda ilizimwa mapema usiku ule na hakuna aliyejisumbua kumwambia. Watoto wakaanza kuchekana. Mmoja akauliza, "Papa, moto umekwisha?"

Ulikuwa umekwisha kweli. Foto zilizobaki zikaahirishwa hadi kesho yake, na kesho yake ikanyesha mvua tangu asubuhi.

Lubutu ni makao makuu ya teritwari yenye jina hilo hilo katika jimbo la Maniema, kando ya Barabara ya Taifa namba 3 inayotoka Kisangani kwenda Bukavu kupitia Walikale. Kisangani iko yapata kilomita 240 kaskazini-magharibi. Kindu, mji mkuu wa jimbo, uko upande wa kusini kwa njia ya Punia, na anayeijua njia hiyo wakati wa masika hakuulizi ni kilomita ngapi, anakuuliza ni siku ngapi. Nyumba nyingi hapa hazijawahi kuunganishwa na waya wa umeme. Kinachowasha redio, tochi, simu na kamera hupita katika mojawapo ya milango miwili: unanunua moto, yaani umeme, uliokwisha kufungwa ndani ya pile (betri kavu), au unaukodi kwa mwenye jenereta au paneli ya jua.

Mhariri aliponituma alitaka jibu la swali dogo: betri ya kuchaji inalipa au hailipi? Nilidhani ningelijibu kwa siku moja.

Jiwe na pile

Pwani na bara la Tanzania, wazee bado huita betri kavu "mawe": mawe ya tochi, mawe ya redio. Huku Kongo tumechukua neno la Kifaransa, pile. Neno la wazee wa pwani linaeleza zaidi. Jiwe halichajiwi. Likikuchosha unalitupa.

Ukiipasua pile kubwa ya kawaida, ile ya tochi, utakuta kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na unga mweusi wa manganizi umeshindiliwa kati yao. Zinki ndiyo kuni. Kila unapowasha tochi, kopo linaliwa kidogo kwa ndani. Likiliwa sana hutoboka, na yale majimaji ya uchumvi yanayotoka ndiyo hugeuza vyuma vya redio kuwa kijani na kuiua redio iliyokuwa nzima. Watu huzianika juani zikishachoka, na ni kweli zinaamka kwa saa moja au mbili, maana joto huchangamsha kemikali iliyobaki. Hakuna moto mpya ulioingia. Umekwangua ukoko wa sufuria, basi.

Pile hizi zina soko lisilotetereka Afrika nzima. Tiger Head za Guangzhou, China, zimefika vijiji ambavyo soda haijafika. Zilifika kwa wingi na kwa bei ambayo viwanda vya kwetu vilishindwa kuifuata: Eveready ya Nakuru, Kenya, iliyokuwa ikiuza kwa jina la Paka Power, ilifunga kiwanda chake mwaka 2014 na kubaki kuagiza kutoka nje.

> Anayebadili pile mbili kila wiki anatumia pile 104 kwa mwaka. Akiulizwa, atakwambia hutumia "mbili tu".

Wauzaji wa pile pale sokoni wana hoja zao, na si za kudharau. Pile inauzwa moja moja. Haihitaji kusubiri. Haiibiwi ikiwa kwenye chaji. Mchimbaji anayekwenda machimboni kwa siku kumi, tochi imefungwa kichwani kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, hawezi kutoka shimoni kila jioni kutafuta pa kuchaji. Mwindaji wa usiku msituni kadhalika. Kwa hao wawili pile ni sahihi, na mtu wa mjini asiwafundishe hesabu.

Volti ndogo, nguvu zaidi

Mpiga picha wetu ana mzigo wa namna nyingine. Kamera yake ina betri ya lithiamu ya kuchomeka, na flashi yake ya juu inakula betri nne ndogo za saizi ya AA. Mwanzo alikuwa akiipa flashi pile za kawaida. Picha kumi na tano, ishirini, kisha flashi inaanza kuvuta pumzi ndefu kati ya picha na picha, na bibi harusi amekwisha kuchoka kutabasamu.

Ndugu yake aliyeko Kisangani akamletea betri nne za nikeli za kuchaji. Akazikataa kwanza. Kwenye ganda zimeandikwa volti 1.2 na pile zimeandikwa 1.5, kwa hiyo akaona ameletewa zilizopungua.

Kosa hili nimelisikia hata kwa mafundi. Volti 1.5 ya pile ni ya dakika za mwanzo. Ukianza kuitumia kwa nguvu inashuka, na kabla hujafika nusu iko chini ya ile ya nikeli. Betri ya nikeli hushika volti yake karibu hadi mwisho, kisha huanguka ghafla. La muhimu zaidi, ukinzani wake wa ndani ni mdogo, kwa hiyo hutoa mkondo mkubwa bila kuhema. Flashi inajaa upesi. Kwa saa ya ukutani inayonyonya tone kwa tone mwaka mzima, pile inatosha, na betri ya kuchaji ni kupoteza pesa. Kwa flashi na vikuza sauti vya mkononi vya wahubiri, pile ndiyo hasara.

Sifa mbaya ya betri hizi ilikuwa na msingi zamani. Zile za mwanzo zilivuja moto hata zikiwa zimelala kabatini, zikipoteza sehemu kubwa ndani ya mwezi au miwili. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop, zenye kuhifadhi sehemu kubwa ya moto wake kwa mwaka mzima, na wengine wakafuata. Nyingi zinazouzwa leo zikiwa zimeandikwa kuwa zimechajiwa tayari ni za ukoo huo. Zikitunzwa hurudiwa mara mamia kadhaa.

Kutunzwa kwenyewe ni kazi. Usichanganye kongwe na mpya katika kifaa kimoja: iliyo dhaifu huisha kwanza, na wenzake huendelea kuisukuma mpaka ncha zake zinageuka, chanya ikawa hasi. Hapo imekufa. Mpiga picha wetu ameziandika zake kwa kalamu ya wino mzito, A nne na B nne, na A haingii na B hata siku ya harusi.

Betri iliyohama nyumba

Ukitaka kuona betri ya kuchaji ilivyoingia Lubutu, usianze na kamera. Anza na BL-5C.

Ni kile kibapa cha Nokia, chenye upana wa vidole viwili, kilichokuwa ndani ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, simu yenye tochi kichwani iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Volti 3.7, mAh 1,020 kwa ile halisi. Simu zile nyingi zimekufa. Betri yake ilihama. Viwanda vya China vikaanza kutengeneza redio ndogo za kadi ya kumbukumbu, spika na taa za mezani zenye tundu la umbo lile lile, na leo kijana wa Lubutu asiyewahi kushika Nokia anajua BL-5C kwa jina. Jioni, wakati wa habari za Kiswahili za Redio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002, betri nyingi zinazowasha redio ni hizo.

Uzuri wake ni kwamba inatoka. Unaivua kwenye redio, unaipeleka kuchajiwa kwenye chaja ya miguu miwili ya waya inayosogezwa kulia na kushoto hadi igusane na vyuma, na redio inabaki nyumbani na betri nyingine. Simu za siku hizi zimefungiwa betri ndani kwa gundi. Ikivimba, fundi lazima apashe simu moto, aibandue kwa kadi, aombe Mungu. Naona hatua hiyo ilikuwa ya kurudi nyuma kwa watu wa mahali kama hapa, na sijasikia mwenye kiwanda aliyeuliza Lubutu wanataka nini.

Kibandani

Kibanda nilichokaa asubuhi nzima kina ubao wenye soketi ishirini na kitu, kila simu imefungwa kikaratasi cha namba. Bei ni kwa kichwa. Simu kubwa ya kioo inapakia yapata wati-saa 15. BL-5C haifiki 4. Zote mbili bei ile ile siku hiyo. Maana yake mama mwenye redio ndogo alilipa, kwa kila tone la moto, karibu mara nne ya mwenye simu kubwa. Hakuna aliyefanya hila. Hivyo ndivyo soketi zinavyopangishwa.

> Betri ni yako. Moto si wako. Hapo ndipo pesa inapopotelea.

Na hapa hesabu ya mhariri wangu ikaanza kupinda. Nilikuwa nikilinganisha bei ya pile na bei ya betri ya kuchaji. Ngoja, bado kuna malipo ya kila chaji, mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka mzima. Ukiyajumlisha, mwenye betri ya kuchaji asiye na pa kuichajia hukaribia sana matumizi ya mwenye pile, na juu yake ana usumbufu wa kwenda na kurudi, na ile hatari ya jenereta kuzimwa mapema.

Mpiga picha wetu aliamua baada ya aibu ya pale shuleni. Akanunua paneli ya wati 10, ndogo kama sinia. Nilikaa naye tukapiga hesabu kwenye mgongo wa bahasha. Jua zuri kwa muda wa saa nne hutoa, kwenye karatasi, wati-saa 40. Betri ya kamera yake, volti 7.4 na mAh 860, inataka kama 6. Nne za flashi, wati-saa 10 kasoro. Simu ya mkewe, 15. Jumla 31. Zinazobaki zinamezwa na joto la waya na chaja. Yaani siku moja ya jua inamtosha yeye na simu ya mkewe, na hana anayemdai.

Lubutu iko chini kidogo tu ya ikweta, jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile Januari hadi Desemba. Kinachosumbua ni mawingu ya msitu. Siku ya mvua paneli ile hutoa robo ya kawaida, pengine chini ya hapo. Ndiyo sababu ana betri mbili za kamera na si moja: moja inafanya kazi, nyingine inangoja jua.

Mzani wa dhahabu

Tatizo jingine nililikuta bila kulitafuta. Nilinunua, kwa ajili ya tochi yangu mwenyewe, betri ya lithiamu ya mviringo ya saizi inayoitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Kwenye ganda imeandikwa mAh 9,900. Usiku wa kwanza ilizima kabla sijamaliza kula.

Saizi ile haiwezi kubeba 9,900. Nzuri za kawaida kutoka viwanda vinavyoheshimika hufika takriban 3,500. Anayeandika 9,900 anauza namba. Wapo wanaoingiza kibetri kidogo ndani ya ganda kubwa na kujaza nafasi kwa unga au mchanga.

Maniema ni nchi ya dhahabu, na karibu na soko kuna wanunuzi wenye mizani midogo inayopima hadi sehemu ya gramu. Nilimwomba mmoja aipime betri yangu. 18650 halisi huwa na gramu 45 au kuzidi kidogo. Yangu ilikuwa gramu 28. Mnunuzi akacheka, akaigeuza, akaisoma ile 9,900 kwa sauti, akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha jiwe la njano lisilo dhahabu.

> 18650 halisi: gramu 45. Niliyouziwa: gramu 28.

Mtu akiibiwa hivyo mara mbili, anarudi kwenye pile na kusema betri za kuchaji ni uongo. Ana haki ya kusema hivyo. Alichonunua kilikuwa uongo.

Zinakokwenda zikifa

Betri nyingi za simu na kamera zina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchi hii, upande wa Kolwezi na Likasi. Kinshasa ilipositisha uuzaji wake nje Februari 2025, bei ilipanda hadi China. Bati linaloshikiza nyaya ndani ya redio lingeweza kuwa limetoka Kalima au Walikale. Madini yetu hutoka ghafi, hurudi yamefungwa kwenye plastiki. Hilo limeandikwa sana, niliache.

Ambalo halijaandikwa sana ni safari ya tatu, na sababu ni kwamba haipo. Betri ikifia Lubutu inabaki Lubutu. Mwaka 2017 watafiti Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert walionyesha, kwa takwimu za nchi kadhaa za Afrika, kwamba taa za LED za pile zilikuwa zimeipita koroboi vijijini bila mradi wa mtu yeyote, na kwamba pile zilizokwisha zilikuwa zikiishia chooni au porini. Vyoo vya hapa vina zake. Shule nyingi za vijijini zina zake pia, lakini ukutani: unga mweusi wa pile husagwa, huchanganywa na maji ya majani, na kupakwa ubao. Mikono inayosaga ni ya watoto.

Pile za zinki ni shida ndogo zaidi. Betri kubwa za gari zinazoendesha vibanda vya chaji zimejaa risasi. Zimetengenezwa kuwasha injini, si kukamuliwa usiku kucha, kwa hiyo hufa upesi, na kuna anayezinunua ili ayeyushe risasi nyuma ya nyumba. Yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, yanajulikana: kiwanda cha kuyeyusha betri za gari kiliwapa wakazi sumu ya risasi, Phyllis Omido akasimama nao hadi akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao Mahakama ya Juu Zaidi ya Kenya iliurejesha Desemba 2024. Kile kilikuwa kiwanda chenye anwani. Sufuria ya risasi jikoni kwa mtu haina anwani.

Mitambo ya kupokea taka hizi ipo kanda hii: Bugesera nchini Rwanda, na Nairobi. Malori hupita Lubutu karibu kila siku njia ikiwa kavu. Yanaleta katoni za pile. Sijaona lililobeba zilizokufa, na wafanyabiashara watatu niliowauliza waliona swali lenyewe ni kichekesho.

Waliojifunza mapema ni watu wa chanjo. Friji zao za jua za zamani zilikuwa na betri, betri zikawa ndizo zinazokufa kwanza, na friji nzima ikalala kwa kukosa kipande kimoja. Zile mpya, zilizosambazwa kwa wingi nchini Kongo, hazina betri kabisa: paneli inagandisha barafu mchana, barafu inalinda chanjo usiku. Kamera haiwezi kutumia barafu, bahati mbaya.

Jibu kwa mhariri

Betri ya kuchaji inalipa Lubutu kwa mtu mwenye jua lake mwenyewe na kifaa kinachokula sana. Kwa anayekodi moto kibandani, inalipa kidogo au hailipi. Kwa mchimbaji aliye shimoni siku kumi, bado pile.

Basi kama una pesa ya kitu kimoja mwezi huu, nunua paneli kabla ya betri. Ukifika kwenye betri, puuza namba kubwa ya kwenye ganda, omba uipime kwanza. Wanunuzi wa dhahabu wa Lubutu hawatozi kitu kwa hilo, na muuzaji anayekataa betri yake iende kwenye mzani amekwisha kukujibu.